Kubana Kebo ya Mtandao Mwenyewe: Mwongozo kwa Nyumba za Mombasa

Mwaka 2009 kebo mbili za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika nchi kavu hapa Mombasa. TEAMS inatoka Fujairah, safari ya karibu kilomita 5,000, katika bahari ile ile iliyokuwa ikituletea majahazi ya Ghuba wakati wa kaskazi. Intaneti inavuka maji yote hayo salama, inafika mtaani, inaingia kwenye ruta ya faiba chini ya ngazi ya shangazi yangu pale Kibokoni, kisha inakwama ukutani. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita hivi. Chumba cha juu, anachosomea mtoto, waifai ilikuwa ikija na kuondoka kama mgeni asiyetaka kukaa.

Dawa ya ukuta kama huo ni kebo. Lakini kebo ya dukani iliyokwisha kufungwa vichwa huja kwa urefu walioupanga wao: ya mita 10 haifiki, ya mita 20 inabaki imeviringwa sakafuni watu wakijikwaa. Tena kichwa ni kipana kuliko waya, kwa hiyo lazima utoboe tundu kubwa. Ukijua kubana vichwa mwenyewe, unapitisha kebo tupu kwenye tundu la milimita 8, unaifikisha inakotakiwa, ndipo unafunga vichwa. Katika nyumba zetu za mawe, hiyo pekee ni sababu tosha ya kujifunza kazi hii.

Pima kwa kamba

Usikadirie kwa macho. Chukua kamba ya kuanikia nguo, ipitishe pale pale kebo itakapopita: pembeni mwa ngazi, juu ya fremu ya mlango, kwenye kona zote. Kisha ilaze kamba sakafuni na uipime. Ongeza nusu mita kila upande. Nusu mita hiyo si ya kupoteza, na nitaieleza tutakapofika kwenye chumvi.

Kebo ya shaba ya mtandao inakubalika hadi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Nyumbani hutafika huko. Ukifika, kwa mfano unataka kupeleka mtandao nyumba ya nyuma ya kiwanja, weka swichi ya mtandao katikati, kile kisanduku kinachopokea mtandao na kuusukuma mbele. Na kama ni majengo mawili tofauti, afadhali faiba, kwa sababu shaba iliyopita nje baina ya nyumba mbili husafirisha mshtuko wa radi hadi kwenye vifaa vyako. Masika yetu hayana huruma.

Dukani: usiondoke bila kukwangua

Maduka ya vifaa vya kompyuta na kamera mjini hukata kebo kwa mita kutoka kwenye boksi la mita 305. Cat ni daraja la kebo. Kwa kazi ya nyumbani Cat 5e inatosha kabisa; inabeba gigabiti moja kwa sekunde mita zote 100. Cat 6 ni nene kidogo, mara nyingi ina msalaba wa plastiki katikati unaotenganisha nyaya, na ni ngumu zaidi kwa mkono wa mtu anayeanza. Mimi humwambia anayejifunza aanze na 5e.

Jambo zito ni shaba yenyewe. Kuna kebo nyingi sokoni ambazo waya wake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Bei yake inavutia, na ukiitazama kwa juu huoni tofauti. Mara ya mwisho niliponunua nilimuuliza muuzaji, mtu wa makamo, "Ami, hii ni shaba tupu?" Akajibu, "Hiyo ni Cat 6 safi, mwanangu." Lakini Cat 6 si jibu la swali nililouliza. Nikamwomba kipande cha kidole kimoja kilichobaki kwenye mkasi wake, nikavua waya mmoja, nikaukwangua kwa wembe. Wekundu ukatoka kama ngozi ya kitunguu, ndani ukabaki weupe wa sufuria. Nikamwonyesha. Hakubisha, aliingia nyuma akatoa boksi jingine, na hilo nililikwangua vilevile mbele yake. Lilikuwa jekundu hadi ndani.

Fanya hivyo kila mara. Pia soma maandishi kwenye ganda: herufi CCA maana yake ni alumini iliyopakwa. Alumini inapinga umeme kuliko shaba kwa zaidi ya nusu, na hukatika ukiikunja mara kadhaa. Ukija kufunga kamera inayopata umeme kupitia kebo hiyo hiyo, waya huo hupata joto na kamera inaweza kuwa inazimika ovyo ikiwa mbali.

Ukiwa bado kwenye ganda, angalia kama kuna namba zinazopanda kila mita. Mara nyingi zipo. Soma namba ya mwanzo wa kipande chako na ya mwisho wake. Tofauti ndiyo urefu uliolipia. Hakuna haja ya kubishana na mtu.

Kebo ya kukaa ukutani iwe ya waya mmoja mzima ndani ya kila ganda dogo. Ile ya nyuzi nyingi nyembamba ni laini, nayo ni ya vipande vifupi vya kuhamahama, kama vile kutoka ukutani hadi kwenye laptopu. Mwambie muuzaji ni ipi uliyochukua, kwa sababu vichwa hutofautiana: meno ya kichwa cha waya mzima huukumbatia waya pande mbili, ya kichwa cha nyuzi huchoma katikati. Ukichanganya, kebo itafanya kazi leo na kukusumbua mwezi ujao.

Kama kebo itapita nje, nunua ile nyeusi ya nje. Ganda la kijivu la ndani likipigwa na jua la Mombasa hukauka na kupasuka, maji yakaingia.

Vichwa ni vile vya RJ45. Nunua kumi hata kama unahitaji viwili, kwa kuwa kichwa kikishabanwa hakifunguliki. Chagua vyenye meno yaliyopakwa dhahabu sawasawa, si yale ya rangi ya njano iliyopauka. Kwa vifaa, unahitaji koleo la kubania, ambalo mafundi huliita krimpa, na testa ndogo ya vipande viwili yenye taa nane. Mkasi mkali unao nyumbani. Vikofia vya raba vya kuvika kebo nyuma ya kichwa chake ni vya bei ndogo, na kwa hewa yetu ya bahari ningesema ni lazima.

Mpangilio wa rangi, na kwa nini uko hivyo

Ndani ya kebo kuna nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili kuwa jozi nne: chungwa, kijani, buluu na kahawia. Kila jozi ina waya wa rangi kamili na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Mpangilio unaotumika zaidi unaitwa T568B:

1. mweupe wa chungwa
2. chungwa
3. mweupe wa kijani
4. buluu
5. mweupe wa buluu
6. kijani
7. mweupe wa kahawia
8. kahawia

Upo na wa T568A, ambao ni huo huo isipokuwa jozi ya chungwa na ya kijani zimebadilishana nafasi. Hakuna ulio bora. Chagua mmoja, uutumie pande zote mbili za kebo, basi. Zamani mafundi walifunga A upande huu na B upande ule ili kuunganisha kompyuta mbili bila swichi. Vifaa vya siku hizi hujigeuza vyenyewe, kwa hiyo kebo ya namna hiyo huihitaji tena.

Sasa tazama namba 3 mpaka 6. Kijani kimetenganishwa, buluu imeketi katikati yake. Kila anayeanza hujiuliza kwa nini rangi zisipangwe tu kila moja na mwenzake. Asili yake ni simu za waya: laini ya kwanza ya simu ilikaa kwenye pini (yale meno ya kichwa) mbili za katikati, na jozi inayofuata ikaizunguka kushoto na kulia. Mtandao wa kompyuta ulirithi utaratibu huo.

Mimi sikulijua hilo nilipofunga kebo yangu ya kwanza. Nilipanga rangi kama macho yanavyopenda: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, kijani, mweupe wa buluu, buluu, na kahawia mwisho. Pande zote mbili sawasawa. Nikaweka testa, taa zikawaka moja hadi nane kwa utaratibu mzuri. Nikapandisha juu kebo ya mita 20, nikapigilia vibanio, nikamwita shangazi aje aone. Kwa siku tatu mtandao ulikuwa unakatika kila dakika chache, na mtoto alikuwa anapoteza nusu ya somo. Nilibadilisha ruta, nikalaumu faiba, nikalaumu laptopu.

Kosa lilikuwa hapo kwenye namba 3 na 6. Kifaa hutuma ujumbe kwa jozi: pini 1 na 2 ni jozi, pini 3 na 6 ni jozi. Nyaya mbili za jozi hubeba ishara moja kwa kinyume, na kwa kuwa zimesokotana, kelele yoyote kutoka nje, ya feni, ya friji, ya jozi ya jirani, huzigusa zote mbili kwa kiasi kilekile. Mpokeaji huangalia tofauti kati yao, kelele ikafutika. Kwa mpangilio wangu, pini ya 3 ilikuwa na mweupe wa kijani na pini ya 6 ilikuwa na buluu. Hizo ni nyaya za jozi mbili tofauti ambazo hazijasokotana kamwe. Umeme unapita, ndiyo maana testa haikuona kitu. Lakini hakuna kinachofuta kelele.

Ndiyo maana nasisitiza: kebo ya mtandao ni msokoto. Ukikagua, kila jozi imesokotwa kwa kasi yake, moja imekazwa zaidi ya nyingine, ili zisiambukizane. Kila hatua inayofuata ni juhudi ya kuulinda msokoto huo hadi kwenye mlango wa kichwa.

Kufunga kichwa

Kaa mahali penye mwanga, weka kitambaa cheupe mezani. Vika kebo kikofia cha raba kabla ya kitu kingine chochote, mdomo mpana ukielekea ncha. Ukisahau utakikumbuka kichwa kikishabanwa.

Vua ganda la nje kama sentimita tatu. Usikate moja kwa moja. Zungushia wembe wa krimpa kidogo tu uweke alama, kisha kunja kebo pale kwenye alama. Ganda litapasuka lenyewe. Livute litoke. Halafu tazama nyaya kwa makini pale ulipokata, ukizizungusha kwenye mwanga. Ukiona hata mkwaruzo mdogo kwenye plastiki ya waya mmoja, kata yote uanze upya. Mkwaruzo huo utakuwa mvunjiko siku kebo itakapokunjwa. Kata pia ule uzi mweupe wa ndani, na msalaba wa plastiki kama upo, hadi usawa wa ganda.

Tandaza jozi nne kama vidole. Fungua msokoto wa kila moja, ila usiufuate ndani ya ganda. Zinyooshe nyaya moja moja kwa kuzibana baina ya kidole gumba na shina la bisibisi, ukivuta polepole. Waya wa shaba una kumbukumbu. Usiponyooka vizuri utaruka nafasi wakati wa kuingiza. Hapa ndipo muda wangu mwingi huenda, na sijutii.

Zipange kwa mpangilio wa B. Zikiwa bapa na zimegusana, zibane kwa vidole karibu kabisa na ganda, uzichezeshe juu na chini kidogo mpaka zitulie kama meno ya kitana. Sasa kata ncha zote kwa pigo moja la mkasi, mkato ulionyooka, ukibakiza milimita 12 au 13 kutoka kwenye ganda. Ni upana wa ukucha wa kidole gumba. Ukibakiza ndefu, msokoto unakuwa umefunguka kupita kiasi, na ganda halitafika ndani ya kichwa.

Shika kichwa ulimi wake, kile kibanio cha plastiki cha kubonyeza, ukitazama chini na mlango wake ukikuelekea. Ukikishika hivyo, namba 1 iko kushoto. Ingiza nyaya, kila moja itafute mfereji wake, usukume kwa nguvu ya kutosha hadi uone vidoa vinane vyekundu vya shaba vimegonga ukuta wa mbele. Kigeuze, ukitazame kwa mbele. Hesabu vidoa. Kirudishe kama ulivyokishika mwanzo, usome rangi tena kutoka kushoto, kwa sauti ikibidi. Mara nyingi buluu na kijani hubadilishana dakika ya mwisho wakati wa kusukuma. Hakikisha pia ganda la nje limeingia ndani, limepita ile kabari ndogo ya plastiki. Kabari hiyo ndiyo hushika kebo. Bila hivyo, uzito wote wa kebo unabebwa na nyaya nyembamba nane.

Ukiridhika, ingiza kwenye krimpa hadi mwisho, ubane mpaka mwisho wa mkono wake, uachie, ubane tena. Meno ya dhahabu yakishuka yanatoboa plastiki ya kila waya na kugusa shaba. Vuta kebo kidogo, isisogee. Vuta kikofia kiingie mahali pake.

Kama kebo inapita ukutani, huu ndio wakati wa kuipitisha, kisha fanya vilevile upande wa pili. Kichwa changu cha kwanza kilinichukua nusu saa. Sasa ni dakika tatu.

Kupima zaidi ya taa nane

Chomeka kila ncha kwenye kipande chake cha testa. Taa ziwake 1 hadi 8 kwa mfuatano uleule pande zote. Taa isiyowaka ni waya uliokatika au haukufika mbele ya kichwa. Taa zinazoruka mfuatano ni rangi zilizobadilishana. Kabla ya kukata kichwa, bana tena mara moja; mara nyingi jino moja halikushuka vizuri. Testa ikiwa na taa ya tisa, ya G, hiyo ni ya kebo zenye ngao ya chuma; kama kebo yako haina ngao usihangaike nayo.

Kisha, na hili ndilo nililolikosa siku ile, unganisha kompyuta na utazame kasi ya muunganisho kwenye mipangilio ya mtandao. Ikiwa ruta na kompyuta zote ni za gigabiti, usomeke 1000, yaani megabiti 1000 kwa sekunde, ndiyo gigabiti moja. Ukisoma 100, kuna waya wenye tatizo: kasi ya 100 hutumia nyaya nne tu, pini 1, 2, 3 na 6, na gigabiti inahitaji zote nane. Nakili faili kubwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, au acha video ndefu icheze jioni nzima huku feni na friji vinafanya kazi. Kebo yenye jozi zilizochanganyika itajionyesha hapo. Na macho yako ni testa bora: kichwa kinaonyesha ndani, rangi zinasomeka, soma 3 na 6.

Kuilaza, na suala la chumvi

Usikunje kona kali. Mviringo wa kona usiwe mdogo kuliko sentimita mbili na nusu kutoka katikati. Vibanio vishike, visiiponde. Iweke mbali na nyaya za umeme walau sentimita 30, na kama lazima zikutane, zivukane kwa msalaba. Ukiwa Mji wa Kale, kumbuka ni eneo linalohifadhiwa kisheria: usitoboe kuta za mbele wala fremu za milango ya nakshi. Pita ndani, pita uani. Kebo inayoingia kutoka nje iache ining'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda na kuingia, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata kebo hadi kwenye ruta.

Na chumvi. Hewa ya hapa hula vichwa. Ukiona mtandao uliokuwa 1000 umeshuka hadi 100 bila mtu kugusa kitu, chomoa kichwa ukitazame mwangani: mara nyingi utaona ukungu wa kijani kwenye meno, hasa chumba chenye dirisha linalotazama bahari. Kusugua kunasaidia wiki moja. Kwa ajili hiyo tuliongeza nusu mita. Iviringe taratibu kwa mduara mpana nyuma ya meza au juu ya mlango, usiikaze. Kichwa kikioza, kata sentimita tano, vika kebo kikofia kipya, funga kichwa kipya. Ya shangazi nimeshaikata mara mbili upande wa juu, na bado kuna mzunguko mzima uliobaki nyuma ya kabati.